Mkono Uliozoea Ngege

Jumatano, saa kumi na moja na nusu jioni. Mvua imekatika sasa hivi. Mlima Wanale umejitokeza tena mawinguni, na yale maji yanayoteremka kwenye jabali lake yameongezeka, yanaonekana mpaka hapa Namakwekwe kama nyuzi nyeupe. Nimekaa kizingitini, miguu nje, mgongo ndani. Shangazi bado yuko kibandani kwake anauza viatu vya mitumba, na chumba chote ni changu mpaka arudi.

Leo nimetulia. Naandika hilo mwanzo kabisa kwa sababu wiki mbili zilizopita ningeliandika ningekuwa nadanganya, na uongo mwaka huu nimeshasema wa kunitosha.

Kwa wewe uliyefika kwenye ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mtahiniwa wa kidato cha sita, masomo yangu ni fizikia, kemia na bailojia. Kwetu ni Masese, Jinja, lakini wakati wa masomo nakaa huku Mbale kwa shangazi, dada yake marehemu baba. Jumatatu ijayo tunafanya mtihani wa vitendo wa bailojia. Tutapewa chura, tumpasue, tumchore. Ninataka kuwa daktari. Bila alama nzuri ya bailojia, hilo nitakuwa nalisema tu kama watu wanavyosema wataenda Maka.

Na kwa nini naandika Kiswahili? Kwa sababu shuleni kwetu hakuna atakayejisumbua kukisoma. Baba alikuwa askari, Mmasaba wa hapa hapa chini ya Wanale. Mama ni Msoga. Walipokutana lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili cha kambini, na mimi nilizaliwa ndani yake. Darasani wakinisikia naongea na mama kwa simu wananipigia saluti na kuniita Afande. Nimezoea, sichukii. Lugha ambayo wenzako wanaiogopa ni mahali pazuri pa kuweka siri.

Basi siri yenyewe ni hii.

Mwanzoni mwa muhula huu mikono yangu ilianza kutetemeka. Si kila mahali. Kwenye fizikia ilikuwa inatulia, kwenye kemia nilikuwa namimina asidi tone kwa tone bila shida. Ilikuwa inatetemeka pale tu ninapokuwa mbele ya chura. Usingizi ukawa mfupi, chakula kikawa hakipiti, na kabla ya kila kipindi cha maabara nilikuwa naenda chooni si kwa haja yoyote, bali kusimama tu mle ndani nikihesabu pumzi. Shangazi akadhani nina malaria. Nilipimwa, sikuwa nayo, nikasikitika kidogo. Malaria ina dawa.

Niseme jinsi chura anavyopasuliwa, maana shida yangu yote iko hapo. Vyura tunawakamata wenyewe nyuma ya jiko la shule, mvua ikishanyesha. Wanalazwa kwa klorofomu mpaka wamekufa, kisha kila mmoja wetu anampigilia wake pini kwenye sinia ya nta, tumbo juu. Unakata ngozi kwanza. Chini ya ngozi kuna nyama ya tumbo, na ndani ya nyama hiyo, katikati kabisa, kuna mshipa wa damu. Huo haukatwi. Unapita pembeni yake, kushoto na kulia, unaufunga kwa uzi sehemu mbili, ndipo unaukata katikati ya mafundo. Ukiukata kabla ya kuufunga, damu inajaa tumboni na huoni tena moyo wala ini wala chochote. Na usichokiona huwezi kukichora.

Nimeyasoma hayo mara hamsini. Ningeweza kukuandikia hata usingizini.

Lakini mimi nimekua kwenye meza ya samaki. Mama anauza ngege, wale sato wa ziwani, pale Masese, na tangu nina miaka tisa, likizo zote, kazi yangu ni kuwapasua. Ngege anafunguliwa kwa mkato mmoja, kutoka mkiani kuja kooni, kisha kidole ndani, matumbo nje, mwingine. Wateja wanangoja, inzi nao hawangoji. Nilikuwa najivunia kasi yangu. Kuna wanawake wa siku nyingi pale ufukweni ambao siwafikii kwa mengi, lakini kwa kupasua nawaacha nyuma.

Chura wangu wa kwanza nilimfungua kwa mkato mmoja, kutoka chini kuja kooni. Mkono ulienda wenyewe. Nilipokuja kushtuka, sinia ilikuwa nyekundu.

Nikasema ni bahati mbaya. Chura wa pili, wiki mbili zilizopita, nilijiambia mapema: leo pole pole. Nikashika mkasi, mikono ikaanza kutetemeka, nikaogopa kwamba wenzangu wataona inavyotetemeka, nikataka nimalize upesi. Mkato mmoja. Ile methali ya haraka na baraka naijua tangu darasa la pili, ila siku ilipofundishwa mkono wangu haukuhudhuria.

Mwalimu Wandera, anayetufundisha bailojia, akasimama nyuma yangu. Si mtu mbaya. Ni mtu wa mzaha, na alikuwa amechoka, tuko arobaini kwenye maabara ya watu ishirini. Akasema, kwa Kiingereza chake kile cha taratibu, kwamba huyu anapasua kama muuza samaki. Darasa likacheka. Kisha akaniuliza kwa upole tu, kama mtu anayeendeleza mazungumzo, "Kwenu mnauza samaki?"

Nikasema hapana.

Nikasema mama yangu anauza vitenge, Jinja mjini, ana duka. Duka! Mwalimu hakuwa ameuliza hata nusu ya hayo. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kwa mwingine.

Karibu yangu alikuwa amesimama Shamim. Shamim ni rafiki yangu, anatoka Jinja pia, na bibi yake, Hajati, ananunua samaki kwa mama kila Jumamosi. Shamim anaijua meza yetu, anamjua mama kwa jina. Alitazama chura wake kwa muda mrefu kuliko chura yeyote anavyostahili kutazamwa, kisha akanipa kipande cha pamba nipanguse damu. Ningependelea anitukane.

Kesho yake tukapewa barua za wazazi. Hapa kwetu kabla ya mtihani wa mwisho kuna siku ya maombi ya watahiniwa. Wazazi wanakuja, padri na shehe wanakuja, kila mtahiniwa ananyanyua kalamu zake na vifaa vyake juu, na mzazi anamwekea mkono begani wakati vinaombewa. Kisha mnakula pamoja chini ya turubai. Ni Ijumaa hii.

Ile barua niliikunja, nikaiweka ndani ya kitabu cha fizikia, kwenye sura ya mawimbi ambayo tumeshaimaliza. Nilimfikiria mama akiingia getini na mikono yake. Mikono ya mama ina harufu ambayo sabuni haiiwezi, na ina makovu madogo madogo ya miiba ya mapezi. Mwenye duka la vitenge hana mikono hiyo. Nikamwambia kwa simu kwamba mwaka huu hakuna sherehe, shule imebana matumizi. Akasema, "Aya, hakuna shida, mi nitaomba kutoka huku." Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa inarefuka kila siku na mimi ndiye niliyekuwa nikiitengeneza.

Na mikono ikazidi kutetemeka. Sasa hata nikishika kijiko.

Jumamosi iliyopita nikapanda gari asubuhi nikaenda nyumbani. Nilimwambia shangazi nimesahau kitabu. Ukweli ni kwamba nilitaka kukaa mahali ambapo mikono yangu inajua inachofanya. Nilimkuta mama mezani, aproni ya plastiki, kisu mkononi. Hakuuliza kwa nini nimekuja. Alisogea kidogo, akanipa nafasi yangu ya siku zote, akanisukumia beseni.

Ngege wa kwanza, nikampasua nyongo.

Kwa asiyejua, ukipasua nyongo umemharibu samaki, nyama inakuwa chungu. Sikuwa nimepasua nyongo tangu nina miaka kumi na moja. Wa pili pia. Mama akaweka kisu chake chini, akaniangalia mikono, kisha uso.

"Wewe leo uko aje?"

Nikamweleza habari ya chura. Mshipa, uzi, damu, mkato mmoja, Jumatatu. Ya vitenge sikumweleza. Alisikiliza huku anaparua magamba, na sikujua kama ananielewa, maana mama aliachia shule darasa la tano. Nilipomaliza akaingiza mkono kwenye beseni, akawa anawabonyeza samaki matumbo kwa kidole gumba, mmoja mmoja, mpaka akampata anayemtaka.

"Hii iko na mayai," akasema. "Ya Hajati."

Bibi yake Shamim anapenda mayai ya ngege, na anayataka yakiwa mazima, vifuko vyote viwili na ngozi yake, visipasuke. Samaki wa mayai siku zote alikuwa anapasuliwa na mama mwenyewe. Mimi nilidhani ni kwa sababu Hajati ni mteja mkubwa. Kumbe, alivyoniambia, ni kwa sababu mkono wangu una haraka na hakutaka kunivunja moyo, kasi yangu ilikuwa inamsaidia kwa wale wengine.

Akanipa kisu. Nikakielekeza kule ninakojua. Akanishika kiwiko.

"Usianze na kisu. Anza na hii," akasema, akainua mkono wangu wa kushoto. "Shika ngozi. Inua. Inua tena. Sasa chini yake iko nafasi. Kisu itaingia kwa nafasi, haitaingia kwa samaki. Na uso yake iangalie juu, isiangalie mayai."

Nikashika ngozi kwa vidole viwili, nikainua. Ilikuwa kweli. Kati ya ngozi na mayai kulikuwa na upenyo mdogo, giza, upana wa punje ya mchele. Nikaingiza ncha ya kisu, makali juu. Nikakata kidogo, nikainua tena, nikakata kidogo. Nilikuwa nimesahau kupumua. Mama akasema, "Pumua, samaki imekufa, haiendi popote," na mwanamke wa meza ya pili akacheka mpaka akakaa chini.

Mayai yakatoka mazima.

Nilifanya wanne asubuhi ile, wote wa mayai. Kwenye yule wa tatu niligundua kwamba mkono haukuwa unatetemeka, na kwenye yule wa nne nilisahau kuangalia kama unatetemeka. Kilichonishangaza ni kwamba maneno ya mama ndiyo yale yale ya kitabu. Inua ukuta wa tumbo kwa koleo, kata kwa mkasi ukielekeza ncha juu. Mara hamsini nimeyasoma, na sikuwa nimeyasikia mpaka yalipokuja na magamba.

Leo tulikuwa na jaribio la mwisho. Mvua ilikuwa inapiga bati la maabara, husikii hata jirani, na hilo lilinisaidia. Nilipompigilia chura wangu pini, mikono ilianza. Nikaiacha itetemeke. Nikachukua koleo kwa mkono wa kushoto, nikashika ngozi, nikainua, nikainua tena. Nafasi ikaonekana. Mkasi ukaingia kwenye nafasi.

Kufika kwenye nyama nikapita kushoto kwa mshipa, kisha kulia. Ukabaki pale katikati, mzima, mwembamba, mweusi kidogo. Nikaufunga mafundo mawili, nikaukata. Hakuna damu. Nikafungua, na moyo wa chura ukawa mbele yangu, msafi, na ini, na mapafu yale madogo. Nilichora mchoro wangu wote bila kufuta hata mstari. Ulikuwa mzuri sana, moyo ule. Sijui niseme nini zaidi. Nilifurahi nikataka kulia.

Mwalimu Wandera akapita. Akasimama. Akainama mpaka miwani ikashuka puani. Akawaita wenzangu watatu waje waone, kisha akaniuliza, "Nani amekufundisha hivi?"

Shamim alikuwa pale pale pembeni. Nilimwona ameacha penseli.

Nikasema: "Kitabu, mwalimu."

Akafurahi. Akawaambia wengine mnaona, mtu akisoma kitabu. Shamim akarudi kwenye mchoro wake. Na ile furaha yangu yote ikatoka kama hewa kwenye tairi la baiskeli.

Nimerudi nyumbani nimelowa. Nimekaa hapa kizingitini, na kabla sijaanza kuandika haya nimeangalia mikono yangu ya kulia na kushoto. Haitetemeki. Mwezi mzima nimedhani naogopa chura. Mtihani nauogopa, ndiyo, nani asiyeuogopa, lakini mtihani wa kemia nao ni mtihani na pale mikono imetulia. Nadhani nilikuwa naogopa mkono wangu, kwamba siku moja utanitaja kwetu mbele za watu. Ukanitaja, nami nikaukana. Na leo umenipa moyo mzima wa chura kwenye sinia, na nimeukana tena.

Basi nimempigia mama. Chaji ilikuwa imebaki kidogo, sikuwa na nafasi ya kuzunguka. Nilikuwa nasikia magamba yanaparuliwa nyuma ya sauti yake.

Nikamwambia Ijumaa kuna maombi ya watahiniwa na wazazi wamealikwa. Magamba yakanyamaza.

"Mi nilijua," akasema. "Shangazi aliniambia, walimtumia ujumbe kwa simu. Gauni nilishapiga pasi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema nini? Ni shule yako. Nilikuwa nangoja uniite."

Wiki mbili gauni limetundikwa ukutani, na yeye anangoja, na Jumamosi amesimama karibu yangu asubuhi nzima ananishika kiwiko na hakuitaja Ijumaa. Nililia, ndiyo. Nikamweleza yote, ya mwalimu na ya vitenge na ya duka. Kisha akauliza duka lina ukubwa gani. Nikasema sikutaja. "Ungesema kubwa," akasema, akacheka, nami nikacheka na kamasi zangu.

Halafu akasema lile ambalo nimekuwa nalo tangu wakati ule. Akalisema kwa kawaida tu, kama mtu anayekumbushia jambo dogo la safari.

"Usijali mtoto. Ijumaa nitaosha mikono na ndimu. Hakuna mtu atasikia harufu."

Mimi habari ya harufu sikuwa nimemtajia. Si leo, si siku yoyote. Kwa hiyo amekuwa akijua, sijui tangu lini. Labda tangu ile siku nikiwa kidato cha kwanza nilipomwambia asije siku ya kutembelewa kwa sababu mvua itanyesha.

Wanale umeanza kupotea gizani. Shangazi nasikia sauti yake pale njiani, anabishana na mwenye bodaboda. Nitampikia chai, na nitamwambia asante, ataniuliza ya nini na atajua ya nini.

Kesho asubuhi, kabla ya kengele, naenda ofisini kwa Mwalimu Wandera. Sentensi nimeshaitunga kwa Kiingereza na nimeifanyia mazoezi hapa peke yangu, kuku wa jirani ndio mashahidi: mwalimu, jana uliniuliza nani amenifundisha, nami sikukujibu kweli. Najua mikono itatetemeka. Nitaiacha. Na Ijumaa, wenzangu wakinyanyua kalamu, mimi nitanyanyua koleo na mkasi, na mkono utakaokuwa begani kwangu ndio ulionionyesha namna ya kuvishika.

Ndimu nimemwambia alete. Lakini alete na ngege wa kukaanga, wakubwa, wa kututosha sisi na Shamim na mwalimu, na ndimu tuwakamulie hao.